Homa Isiyoisha na Tezi za Shingo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Ugonjwa wa Kikuchi

Haya ni maswali ambayo wagonjwa na jamaa zao hurudia kuuliza, Lamu mjini, visiwani na upande wa bara mpaka Malindi, pale homa inapokataa kuisha na shingo ina tezi. Wengi wanaouliza hawana Kikuchi. Wana kitu cha kawaida zaidi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya majibu inahusu njia ya kuufikia ukweli kuliko ugonjwa wenyewe. Mwenye haraka asome la 11 na la 14. Mwenye mgonjwa aliyezidiwa aende kwanza la 20.

## Ya mwanzo

1. Ugonjwa wa Kikuchi ni nini?

Ni uvimbe wa tezi za limfu, aghalabu za shingoni, unaokuja na homa kisha ukaondoka wenyewe. Ndani ya tezi baadhi ya seli hufa, na seli walaji za kinga hukusanyika kusafisha mabaki. Si saratani na haugeuki kuwa saratani. Ulielezwa mwaka 1972 nchini Japani na madaktari wawili waliokuwa wakifanya kazi kila mmoja kivyake, Kikuchi na Fujimoto. Ndiyo maana huandikwa pia ugonjwa wa Kikuchi-Fujimoto.

Kwa kawaida huisha ndani ya mwezi 1 hadi miezi 4. Taabu yake kubwa ni kufanana na wengine: TB ya tezi, limfoma ambayo ni saratani ya tezi, na lupasi ambapo kinga hushambulia mwili wenyewe. Magonjwa hayo matatu hayaondoki yenyewe, na dawa ya moja haimfai mwenye jingine.

2. Unaletwa na nini?

Chanzo hakijathibitishwa. Virusi kadhaa vimeshukiwa, kikiwemo cha Epstein-Barr, lakini hakuna kilichokutwa kwa wagonjwa wote. Wataalamu wengi huona kwamba kinga ya mwili hushtuliwa na kitu, pengine maambukizi, ikapitiliza na kuiumiza tezi yenyewe. Hakuna chakula kinachojulikana kuuleta.

3. Unaambukiza? Tumtengee vyombo?

Hapana. Kuleni naye sinia moja. Jambo moja tu: ikiwa mgonjwa anakohoa na TB haijaondolewa kwenye orodha ya washukiwa, madirisha yakae wazi na makohozi yapimwe. TB ya tezi peke yake kwa kawaida haimwambukizi mtu. Ya mapafu ndiyo inayoruka hewani, na mtu mmoja anaweza kuwa na zote mbili.

4. Humpata nani?

Zaidi vijana, chini ya miaka 40. Taarifa za mwanzo zilionyesha wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume. Za baadaye zimepunguza pengo hilo. Wagonjwa wengi walioandikwa ni wa Asia ya Mashariki, ila umeonekana kila bara, Afrika ikiwemo. Kwetu huenda unaonekana haba kuliko ulivyo, maana bila kinyama, yaani tezi au kipande chake, kukatwa na kusomwa kwa darubini haupati kuandikwa jina lake.

5. Dalili zake zikoje?

Tezi huvimba upande mmoja wa shingo, sehemu ya nyuma, nyuma ya ule msuli mrefu unaoshuka kutoka nyuma ya sikio hadi kwenye mtulinga. Mara nyingi kila moja ina sentimita 1 hadi 2, na ukiibonyeza inauma. Huchukua siku chache hadi wiki 2 au 3 kujitokeza. Homa humpata kati ya thuluthi na nusu ya wagonjwa, na inaweza kukaa wiki kadhaa. Wengine hutokwa na jasho usiku, huchoka, hupungua uzito, huumwa viungo, au hutokwa na vipele.

Ukitaka kujipapasa vizuri, keti, legeza mabega, inamisha kichwa kidogo upande ule ule wa uvimbe, kisha zungusha ncha za vidole vitatu taratibu bila kufinya. Tezi ya kawaida huteleza chini ya ngozi. Andika siku na ukubwa. Usiipapase kutwa kucha. Tezi inayofinywafinywa huuma kwa kufinywa, na hapo dalili huchanganyika.

## Yanayofanana nao huku kwetu

6. Homa ya Lamu si malaria tu?

Malaria ipimwe kila mara, lakini malaria haina desturi ya kuvimbisha tezi za shingo. Kipimo kikisema hakuna, usimeze dawa ya malaria kwa kubahatisha. Pwani yetu ina homa nyingine. Mwaka 2004 chikungunya ilienea Lamu hadi nyumba nyingi zikawa na mgonjwa, na dengue nayo hulipuka hapa na pale kwenye ukanda huu. Hizo huja ghafla, huvunja viungo, na homa yenyewe huwa imeshuka kabla wiki 2 kupita. Homa iliyovuka hapo inataka maelezo mengine.

Mpaka dengue iondolewe, homa ishushwe kwa parasetamoli peke yake. Ibuprofeni na aspirini huongeza hatari ya kutokwa damu kwa mwenye dengue.

7. Nilipewa amoksilini kwa ajili ya koo, nikatoka vipele mwili mzima. Ndiyo Kikuchi?

Pengine ni homa ya tezi ya kirusi cha Epstein-Barr, ambayo huwashika sana vijana: koo linauma, tezi zinavimba pande zote mbili, uchovu hauelezeki. Anayeugua hivyo akipewa amoksilini mara nyingi hutokwa na vipele. Kipimo cha damu husaidia. Lakini mwambie daktari habari ya vipele hata kama vimekwisha, kwani mzio wa kweli wa dawa nao upo.

8. Mji wetu una paka wengi. Wanahusika?

Na Kikuchi, hapana. Na tezi, ndiyo. Kucha za paka, hasa vitoto vyenye viroboto, huweza kumpa mtu bakteria aitwaye Bartonella henselae. Baada ya siku kadhaa hutoka kijipele palipokwaruzwa, kisha kati ya wiki 1 na 3 tezi ya karibu huvimba: mkono ukikwaruzwa, kwapa, uso ukikwaruzwa, chini ya taya. Hii pia mara nyingi huisha yenyewe. Paka huweza pia kuchangia toksoplasma, kimelea kinacholeta tezi za shingo zisizouma. Kwa hiyo daktari akikuuliza kama unacheza na vitoto vya paka barazani, hakufanyii mzaha. Si sababu ya kuwafukuza paka, ambao kwa panya wa mji wa kale wanafanya kazi yao.

9. Tezi zangu ziko kinenani, si shingoni.

Mitoki ya kinena ina sababu nyingi zilizo karibu: kidonda cha mguu au unyayo, magonjwa ya zinaa, na huku pwani matende, ambayo huanza kwa mitoki na homa za kuja na kuondoka. Kikuchi huweza kutokea huko, ila ni nadra sana. Anza na yaliyo karibu.

10. Kwa nini kila mara naambiwa nipime VVU?

Kwa sababu VVU vikiwa vipya mwilini huleta homa, vipele na tezi, sawa na haya yote. Katika wiki za mwanzo kipimo kinaweza kutoka hasi, hivyo urudie baada ya wiki kadhaa kama mshauri atakavyokuelekeza. Kipimo ni bure katika vituo vya umma. Majibu yake pia hubadilisha namna mpatholojia, daktari wa kusoma vinyama kwa darubini, anavyosoma kinyama chako, kwa hiyo yaandikwe kwenye fomu.

11. TB ya tezi na Kikuchi hutofautianaje?

Kwa macho na vidole, hutofautiana kidogo tu. TB huja polepole, kwa wiki na miezi. Mwanzoni tezi haziumi, baadaye hushikana, hulainika, na zinaweza kupasuka zikatoa usaha. Kikuchi huja upesi zaidi, tezi huuma, hubaki mojamoja, na hazipasuki. Lakini wapo wagonjwa wa TB wenye tezi zinazouma na wagonjwa wa Kikuchi wenye mafungu ya tezi, na daktari anayeapa kwa kupapasa tu anajipa ujuzi ambao vidole havina.

TB ni nyingi Kenya na Kikuchi ni haba, basi ni haki TB itangulie kutafutwa. Hutafutwa kwa maji yanayovutwa kwenye tezi kwa sindano, yakapimwa kwa mashine ya GeneXpert, pamoja na eksirei ya kifua. GeneXpert ikisema ipo, safari imekwisha. Ikisema haipo, TB bado haijaondoka kabisa, maana kwenye tezi vijidudu huwa vichache.

12. Ndugu yangu alipewa dawa za TB bila kinyama, tezi zikaisha. Si ni dalili kwamba ilikuwa TB?

Inawezekana. Ila hapa pana mtego. Dawa za TB hunywewa miezi 6, na Kikuchi huisha ndani ya miezi 4. Mwenye Kikuchi akianzishiwa dawa za TB leo, tezi zitakwisha akiwa katikati ya dawa, na kila mtu nyumbani ataapa kwamba dawa ndizo zilizoponya. Ugonjwa unaoondoka wenyewe humpa sifa yeyote aliyekuwa karibu siku unaondoka: famasi, mganga, hata yule shangazi aliyeleta mafuta ya habasoda.

Hasara yake ni ya kweli. Dawa za TB huweza kuumiza ini, na lebo ya TB humfuata mtu. Ugonjwa ukirudi baadaye, faili litasema "TB imerudi" na atafikiriwa kuwa na TB sugu. Ikiwa ilikuwa lupasi, miaka imepotea.

Hata hivyo, daktari ana haki ya kuanzisha dawa za TB bila uthibitisho wa maabara pale mgonjwa anapozidi kudhoofu na hakuna muda wa kungoja. Na ambaye tayari anakunywa asiziache kwa sababu ya kusoma ukurasa huu. Aulize swali moja kliniki: "Uthibitisho wangu ulikuwa upi?"

13. Tezi ipi haifai kungojewa?

Iliyo juu ya mtulinga, kwenye lile shimo la chini ya shingo. Iliyo ngumu na isiyoteleza. Inayokua wiki hadi wiki, au iliyozidi sentimita 2 na imevuka wiki 4. Na tezi yoyote inayoandamana na jasho la kulowesha shuka, au uzito kupungua bila kujinyima chakula. Hizi ziende hospitali ya kaunti, si zahanati, na mazungumzo ya kinyama yaanze siku hiyo hiyo.

## Kinyama

14. Kwa nini tezi nzima itolewe? Sindano haitoshi?

Sindano ni hatua nzuri ya kwanza, hasa kwa TB (la 11). Inavuta seli chache zilizotawanyika. Kikuchi na limfoma hutambulika kwa mpangilio: seli gani zimekaa wapi, kipi kimekufa na kipi kimezunguka kilichokufa. Mpangilio huo huvunjika kwenye sindano. Ndiyo sababu tezi nzima hutolewa, na itolewe iliyo kubwa na yenye kushukiwa zaidi, si ile iliyo rahisi kufikiwa. Pakiwa na tezi za shingo na za kinena, ya shingo ndiyo ya kukatwa, kwa kuwa za kinena huwa na makovu ya vidonda vya miguu vya tangu utotoni.

15. Inakatwaje, na inasafirije mpaka ikasomwe?

Kwa mtu mzima mara nyingi ni ganzi ya mahali, na kurudi nyumbani siku hiyo. Sehemu ya nyuma ya shingo inapitiwa na neva inayoinua bega, nyembamba na iliyo karibu na ngozi. Ikikatwa, mkono hushindwa kupandisha juu. Muulize daktari wa upasuaji kama amezoea kukata hapo. Si utovu wa adabu. Ukiwa na ngozi inayoota makovu ya kuvimba, sema mapema.

Sasa sehemu ambayo huharibika zaidi, nayo haina uhusiano na kisu. Tezi ikitoka igawanywe mara mbili papo hapo. Nusu iingie kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi kinyama, kwa ajili ya mpatholojia. Nusu ya pili iingie kwenye kichupa safi chenye maji ya chumvi ya hospitali, kwa ajili ya kupimwa TB na kuoteshwa. Fomalini huua vijidudu, kwa hiyo tezi iliyotumbukizwa yote humo haiwezi tena kuotesha TB, na hapo swali ambalo lingejibiwa hubaki wazi maisha. Jambo hili halihitaji mashine. Linahitaji mtu mmoja chumbani akumbuke kuleta vichupa viwili, na mgonjwa anaweza kuwa ndiye anayekumbusha kabla ya ganzi.

Chupa ya fomalini iwe na mdomo mpana, na dawa iwe angalau mara 10 ya ukubwa wa kinyama. Tezi iliyobanwa kwenye kichupa cha sindano chenye fomalini ya kulowanisha tu huoza katikati. Jina, umri, mahali ilipotolewa na tarehe viandikwe kwenye mwili wa chupa, si kwenye kifuniko, kwa sababu vifuniko hubadilishana.

Kama hospitali haina mpatholojia wake, sampuli huenda Mombasa au Nairobi, na wakati mwingine jamaa ndiye huambiwa aibebe. Basi: funga kifuniko, tia kwenye mifuko miwili ya plastiki, simamisha wima ndani ya ndoo yenye mfuniko. Kwenye boti ya Mokowe usiiweke chini pamoja na mizigo; fomalini ikimwagika huunguza macho na pua za abiria wote. Ya fomalini haitaki barafu wala jua. Ya maji ya chumvi ndiyo inayotaka ubaridi na haraka, kwa hiyo kama GeneXpert iko karibu, hiyo ipelekwe kwanza bila kungoja ya pili. Fomu ya maombi isiandikwe "tezi ya shingo" tu. Iandikwe homa ya muda gani, majibu ya VVU, dawa zilizokwisha kunywewa. Mpatholojia asiyeambiwa kitu husoma kwa kukisia.

16. Majibu yamekuja kwa Kiingereza kizito. Nitazame nini?

Kaa na daktari mpitie pamoja, mkitafuta haya. Je, pana maeneo ya seli zilizokufa yenye vumbi la viini vilivyovunjika? Je, seli walaji zimetajwa, baadhi zikiwa na kiini kilichopinda kama mwezi mwandamo? Je, imeandikwa kwamba seli nyeupe za aina ya nyutrofili hazipo au ni chache mno? Hilo la mwisho ni ishara kubwa ya Kikuchi, maana maambukizi ya usaha hujaa nyutrofili. Kisha tazama kama TB imetafutwa kwa rangi ya Ziehl-Neelsen, na kama vinundu vya TB vimeonekana au la.

Maabara kubwa huongeza rangi maalumu zenye majina kama CD68, CD8 na CD123, hasa pale limfoma inaposhukiwa. Kikuchi wa siku za mwanzo una seli kubwa zinazogawanyika kwa kasi, na umewahi kudhaniwa limfoma. Mtu aliyeambiwa ana limfoma akiwa kijana, ana tezi zinazouma na ambazo tayari zinanywea, ana haki ya kuomba kioo, kile chenye kipande chembamba cha tezi yake, kisomwe na mpatholojia wa pili kabla ya dawa za saratani. Kwa upande wa pili, "tezi imechangamka tu" si jibu la mwisho kwa mwenye dalili za la 13.

17. Damu haiwezi kuonyesha?

Hakuna kipimo cha damu cha Kikuchi. Seli nyeupe huweza kushuka, kasi ya damu kutuama hupanda, vimeng'enya vya ini hupanda kidogo. Yote haya hutokea pia katika magonjwa mengine. Damu inatumika zaidi kuondoa washukiwa, pamoja na kipimo cha ANA kwa ajili ya lupasi (la 22).

18. SHA inalipa?

SHA, bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Hakikisha usajili na mchango uko sawa kabla ya siku ya upasuaji, na kwenye kaunta uliza vitu viwili mbalimbali: upasuaji mdogo, na usomaji wa kinyama. Cha pili huweza kudaiwa na maabara nyingine, na watu hushtukia wakati majibu tayari yameshikiliwa. Dawa za TB, kama ndizo zitakazohitajika, ni bure katika vituo vya umma.

## Tiba na kungoja

19. Dawa yake ni ipi? Na mbona nimenyimwa steroidi?

Wengi wanahitaji parasetamoli, au ibuprofeni pale dengue imeondolewa na tumbo na figo ni nzima, pamoja na mapumziko. Antibayotiki hazisaidii. Mwenye homa kali isiyoshuka, au ugonjwa uliogusa viungo vingine, hupewa prednisoloni, ambayo ni steroidi, yaani dawa ya kutuliza kinga na uvimbe, kwa muda mfupi. Wengine hupewa haidroksiklorokwini.

Steroidi kabla ya kinyama ni kosa la gharama. Huifanya limfoma inywee kwa muda, kisha kioo hutoka bila jibu na ugonjwa hurudi ukiwa umetangulia. Huipa TB nafasi ya kuenea. Basi ukipewa "sindano ya kushusha homa" dukani, uliza jina la dawa na uliandike. Ikiwa ni deksamethasoni, ambayo nayo ni steroidi, mwambie daktari atakayekukata.

20. Lini nikimbie hospitali bila kungoja?

Kushindwa kupumua au kumeza. Kichwa kuuma sana pamoja na shingo kukakamaa, kwa kuwa Kikuchi mara chache hugusa ngozi za ubongo, na homa ya uti wa mgongo ya bakteria hufanana nayo. Kuchanganyikiwa au degedege. Kutokwa damu puani au kwenye fizi, macho kuwa manjano, mwili kupauka ghafla. Mara chache sana kinga hupitiliza hadi ikala seli za damu, na hilo ni la wodi, si la nyumbani. Walio Kizingitini au Kiwayu wasingoje kusi ipoe. Pigeni simu kituo cha afya wapange boti.

21. Kombe, mwarobaini, kuchanjwa chale: vinadhuru? Na funga ya Ramadhani?

Kombe na dua havigombani na hospitali, na mzee anayemsomea mgonjwa mara nyingi ndiye anayemtuliza akubali kukatwa. Maji yawe safi, basi. Mwarobaini usichanganywe na dawa bila kumwambia daktari. Chale juu ya tezi, hapana: wembe huleta usaha na kovu, na kinyama kitakachokatwa hapo baadaye kitasomeka kama jipu. Kuikanda na kuichua tezi, hapana pia.

Kuhusu funga, mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye. Mwenye homa kali na jasho hukaukiwa maji haraka kwenye joto letu, asijikaze. Aliyepata nafuu anaweza kupanga dawa wakati wa futari na daku. Prednisoloni inywewe na chakula, na isiachwe ghafla kwa sababu ya mwezi kuandama.

## Baadaye, na hali za nadra

22. Kwa nini niendelee kurudi kliniki wakati nimepona?

Kwa sababu ya lupasi. Baadhi ya wenye Kikuchi wana lupasi tayari, au huipata miezi au miaka baadaye, na tezi ya lupasi huweza kufanana na ya Kikuchi chini ya darubini. Rudi ukiona viungo vinavimba asubuhi, vidonda vya mdomo, nywele kukatika mafungu, mkojo wenye povu, au upele wa mashavuni unaochochewa na jua. Kwenye ngozi nyeusi upele huo mara nyingi hauwi mwekundu. Huwa mweusi zaidi au wa zambarau, na hudhaniwa ni krimu imeunguza.

Kikuchi wenyewe hurudi kwa wagonjwa takriban 3 hadi 4 katika kila 100.

23. Mtoto wangu wa miaka 4 ana tezi na homa.

Watoto huvimba tezi kwa mambo madogo: koo, jino, mapunye kichwani, chawa. Angalia hivyo kwanza. Kikuchi huwapata watoto pia, ila wa umri huo ni haba.

Usichanganye na Kawasaki, jina jingine la Kijapani. Huo ni wa watoto wadogo: homa kali siku 5 au zaidi, macho mekundu yasiyo na tongo, midomo iliyopasuka, ulimi mwekundu, viganja kuvimba, na huenda tezi moja ya shingo. Huumiza mishipa ya moyo, na dawa yake inatakiwa ndani ya siku 10 tangu homa ianze. Kimura nao ni mwingine kabisa: uvimbe usiouma kichwani au shingoni, na damu iliyojaa seli za mzio.

24. Nina mimba. Nikatwe?

Ganzi ya mahali haimzuii mjamzito, na kuahirisha kinyama cha tezi inayoshukiwa kuna hatari kuliko kukata. Kwa homa tumia parasetamoli. Ibuprofeni uiepuke, hasa baada ya wiki 20. Kama ANA imetoka chanya, kliniki ya wajawazito iambiwe mapema, kwa kuwa mimba yenye lupasi hufuatiliwa kwa namna yake.

25. Kinyama kilisema Kikuchi, lakini miezi 6 imepita na tezi ipo, au imeota nyingine.

Hapo jibu la kwanza lifunguliwe upya. Tezi ndogo iliyobaki ngumu kidogo, isiyokua, bila homa, yaweza kuwa kovu tu na ikatazamwa. Inayokua, au homa iliyorudi, inataka kinyama cha pili, na safari hii nusu ya maji ya chumvi isisahaulike (la 15). Omba pia kioo cha zamani kisomwe upya. Kinyama cha kwanza hakitupwi: hugandishwa kwenye kipande cha nta na kuhifadhiwa maabara kwa miaka, na kwa barua ya daktari wako kinaweza kupelekwa hospitali nyingine kikatiwe vioo vipya. Namba ya sampuli iko juu ya karatasi ya majibu. Ipige picha uiweke kwenye simu.